Joto la Oktoba lisikufanye upande mapema

Septemba ikielekea ukingoni, simu yangu haitulii. Wakulima wa Mbozi, Mbarali, Wanging'ombe hadi Kilolo wananiuliza swali lile lile: joto limeanza, je, mvua iko karibu? Kazi yangu ni kutabiri hali ya hewa katika kanda hii, na jibu langu huwa moja. Joto linatangulia mvua, lakini si lenyewe linaloileta. Tangu siku unayovua sweta hadi siku udongo unapokuwa tayari kupokea mbegu, Nyanda za Juu Kusini huwa na karibu miezi miwili ya ukavu mkali. Katika miezi hiyo ndipo watu hupoteza mbegu, misitu, na wakati mwingine mapaa ya nyumba zao.

Tuanzie baharini, maana huko ndiko baridi yetu inakotoka. Juni hadi Agosti, wakati wa kipupwe, mgandamizo mkubwa wa hewa hukaa kusini mwa Bahari ya Hindi, upande wa visiwa vya Mauritius na Réunion. Huo ndio unaosukuma upepo wa kusi kuja kwetu. Watu wa Lindi, Mtwara na Dar es Salaam wanaupata ukiwa na unyevu wa bahari na ubaridi mwanana. Ukifika kwenye miinuko ya Udzungwa, Mufindi na safu za Kipengere hauna njia ila kupanda. Ukipanda unapoa, ukipoa unatoa ukungu na manyunyu. Ndiyo maana mashamba ya chai ya Mufindi hushinda kwenye ukungu mwezi Julai, huku Iringa mjini, ambako si mbali kwa gari, anga likiwa safi na hewa kavu. Upepo umeshaacha maji yake ukingoni mwa mlima.

Hewa hiyo yenye unyevu ni tabaka jembamba tu. Juu yake, kwenye mita 2,000 hadi 3,000 hivi kutoka usawa wa bahari, kuna hewa kavu inayoshuka taratibu, na kadiri inavyoshuka ndivyo inavyopata joto. Inakaa juu ya ile ya chini mithili ya mfuniko wa sufuria. Wingu likijaribu kurefuka linagonga hapo na kusambaa. Mfuniko huu tutaurudia, kwa sababu ndio wenye uamuzi wa lini mvua ianze.

Kinachobadilika kwanza ni jua. Tarehe 22 au 23 Septemba linavuka ikweta kuja upande wetu. Tarehe 13 Oktoba hivi linapita utosini mwa watu wa Iringa, na tarehe 16 hivi linapita utosini mwa watu wa Mbeya. Unaweza kuliona mwenyewe bila kifaa chochote. Simika fimbo iliyonyooka wima kwenye uwanja tambarare, uiangalie ikifika kama saa sita na nusu mchana. Kivuli chake kitakuwa kimetoweka, kimebaki duara dogo kwenye shina la fimbo. Mwanafunzi yeyote wa Mbeya anaweza kufanya jaribio hili, na natamani walimu wa jiografia wasiliache lipite.

Jua hilo hilo hupita tena utosini mwishoni mwa Februari, lakini hatuungui. Februari kuna mawingu, udongo umeloa, mahindi yamefunga shamba, na nguvu nyingi ya jua inatumika kukausha maji. Oktoba hakuna wingu, hakuna jani bichi, udongo mtupu. Nguvu yote inaingia kwenye ardhi na kuipasha hewa. Kwa hiyo Oktoba na Novemba ndiyo miezi yetu ya joto. Mbeya mchana hufika nyuzi joto 27 hivi kwa wastani, wakati Julai usiku hushuka hadi 6 hivi au chini yake.

Sasa njoo kwenye kibanda cheupe cha vipimo, kile chenye kuta za mbao zilizopangwa kwa mianya kama luva. Ndani kuna vipimajoto viwili vilivyosimama sambamba. Kimoja ni kikavu. Kingine kimevishwa kitambaa chembamba cha pamba ambacho ncha yake imezama kwenye kikombe cha maji. Mchana wa Oktoba kikavu kinaweza kusoma 27 na chenye kitambaa 16, kwa sababu maji yanapokauka hupoza. Tofauti hiyo ya nyuzi 11, kwa mwinuko wa Mbeya, maana yake hewa ina takriban theluthi moja tu ya unyevu inaoweza kubeba. Kitambaa kinakauka haraka mpaka kikombe lazima kiongezwe maji mara kwa mara. Sasa fikiria mche wa parachichi uliopandikizwa juzi, usio na kitu cha kuuongezea maji zaidi ya mikono yako. Nionavyo mimi, kipimo hiki kinamhusu mkulima kuliko kile cha joto ambacho redio inakitaja kila jioni.

Joto lenyewe halifanani kandani. Aliyewahi kupanda barabara ya Hamsini na Saba, kutoka Chimala kwenda Matamba, analijua hili mwilini. Chini, kwenye uwanda wa Usangu, uko kwenye mita 1,100 hivi na shati limekuganda mgongoni. Ukishamaliza kona na kuendelea hadi Kitulo, uko kwenye mita 2,600 na unatafuta koti. Hewa kavu inayopanda hupoteza karibu nyuzi 10 kwa kila mita 1,000, ndiyo maana mchana wa Oktoba unaweza kukuta tofauti ya nyuzi 12 au zaidi kati ya sehemu hizo mbili zinazotazamana. Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, iko chini zaidi, mita 500 hivi, na joto lake lina jasho kwa sababu ya ziwa. Ukisikia "Mbeya nyuzi 27", ujue ni Mbeya mjini.

Upepo nao haulali. Makambako iko kwenye uwazi kati ya safu za Kipengere na Udzungwa, na hewa inayotoka mashariki inabanwa hapo na kuongeza kasi. Kwenye ukavu wa Septemba na Oktoba, upepo huu ukikutana na njiti moja ya kiberiti, basi. Msitu wa Sao Hill pale Mufindi, shamba kubwa kuliko yote ya miti ya serikali nchini, hukabiliwa na hatari ya moto katika kipindi hiki hiki. Nawaomba kwa moyo wote wanaosafisha mashamba kwa kuchoma: mchana wa upepo usiwashe chochote. Unyevu ukiwa theluthi moja, nyasi zinawaka kabla hujageuka, na miti ya familia ya miaka 12 inateketea kwa alasiri moja. Mkusanye majani, yaacheni yafunike udongo, yatawafaa Desemba.

Mabondeni, wenye vinyungu, yaani bustani za kiangazi, wanajua hali bila kuambiwa: maji ya mfereji yanapungua, zamu zinaanza kugombaniwa. Mto Ruaha Mkuu, ambao zamani ulitiririka mwaka mzima, tangu 1993 umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Kila tone linalochepushwa juu wakati huu lina mtu au mnyama anayelingoja chini.

Sasa kuhusu dalili. Mzee mmoja wa Chunya alinieleza, "Mwanangu, miombo imeshachipua majani mekundu. Mvua iko mlangoni." Nilimjibu, "Mzee wangu, mti umesema kweli, ila umesema kuhusu joto." Miombo huchipua wiki kadhaa kabla ya mvua kwa kutumia maji iliyohifadhi shinani na yale ambayo mizizi inayafuata chini sana. Mahindi hayana mizizi hiyo. Mti unaweza kusubiri hadi Desemba. Mbegu ya mahindi haiwezi.

Dalili inayodanganya kuliko zote ni mvua ya radi ya Oktoba. Ardhi ikipata joto sana, hewa hupanda kwa nguvu mpaka inatoboa mfuniko sehemu moja moja, na alasiri unaona wingu jeusi limesimama peke yake. Mara nyingi mvua yake unaiona inaning'inia angani na kuyeyuka kabla ya kugusa chini. Matone yanakauka njiani, hewa inayoyazunguka inapoa, inakuwa nzito, inaporomoka hadi ardhini na kutawanyika kwa kasi. Hapo ndipo Usangu inapofunikwa na vumbi na mabati yanapong'oka, pengine bila tone kuanguka. Juu, Makete na Mufindi, hatari ni mvua ya mawe. Angani, barafu hubaki barafu hadi kwenye mita 4,800 hivi kutoka usawa wa bahari. Jiwe linaloanguka Dar es Salaam lina kilomita karibu tano za hewa ya uvuguvugu ya kuliyeyusha. Linaloanguka Kitulo lina kilomita mbili na ushee tu, kwa hiyo linafika likiwa jiwe.

Mvua hiyo moja ikikuletea milimita 20, ekari yako imepokea zaidi ya lita 80,000. Ni nyingi, na ndiyo inayowatia watu tamaa. Lakini jua na upepo wa Oktoba huweza kuvuta milimita 5 au 6 kwa siku kutoka kwenye udongo uliolowa. Siku nne baadaye tabaka la juu limekauka, na mbegu ndiyo kwanza imepasuka. Inafia hapo. Mfuko wa mbegu bora umekwenda, na mvua halisi ikifika duka la pembejeo limeishiwa aina uliyoitaka.

Dalili ninazoziamini mimi ni tatu, na zinakuja kwa pamoja. Upepo unaacha kutoka mashariki na kusini mashariki, unalegea, kisha unaanza kuja kutoka magharibi, upande wa Zambia na Kongo, ukiwa na unyevu mnene unaofika juu sana angani. Usiku unaanza kuwa wa uvuguvugu, huku mchana ukipoa kidogo, kwa sababu mawingu yamekuwa blanketi la usiku na kivuli cha mchana. Na mawingu yanakuwepo tangu asubuhi, hayangoji alasiri. Hapo mfuniko umeondoka. Ukanda wa mvua, ambao Oktoba ulikuwa ukishughulika na vuli ya kaskazini na pwani, umetufikia.

Kwa kawaida hilo hutokea kati ya katikati ya Novemba na mapema Desemba. Tukuyu na Kyela hutangulia kwa sababu ya ziwa na milima. Hufuata Songwe na Mbeya, kisha Njombe, na Isimani upande wa Iringa huwa miongoni mwa wa mwisho. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kwa mvua za msimu, Novemba hadi Aprili, hutolewa mwishoni mwa Oktoba. Usome sehemu inayotaja mkoa wako, usiishie kwenye kichwa cha habari. Ukisikia El Niño, yaani maji ya Bahari ya Pasifiki yamepata joto kuliko kawaida, usichukue maana yake moja kwa moja kutoka kwa ndugu aliyeko Tanga. Kaskazini na pwani mara nyingi huongeza vuli, kusini mwa Afrika mara nyingi huleta ukame, na sisi tuko katikati ya pande hizo mbili, kwa hiyo athari yake hapa haielekei upande mmoja kila mwaka.

Kwa anayetaka kipimo cha shambani: subiri jumla ya milimita 20 au zaidi ndani ya siku chache, kisha chimba kwa jembe. Udongo ukiwa na unyevu hadi shubiri moja, ukiubonyeza unashikamana, na utabiri wa siku kumi hauonyeshi ukavu mrefu, panda. Ukiwa mkavu chini ya vidole vinne, ngoja, hata kama jirani ameshamaliza. Milimita utazipata kwa kopo lenye kuta zilizonyooka na rula ya shule. Lifunge kwenye nguzo, mbali na mti na ukingo wa paa, usome kila siku saa tatu asubuhi, kisha ulimwage.