Redio iliyo kichwani mwa Peter Winter

Kazi yangu ni kuhariri sauti za filamu. Kila kijana anayekuja kujifunza kwangu namvalisha hedifoni na kumkalisha kwanza mbele ya Clean, Shaven, filamu ya Lodge Kerrigan ya mwaka 1993.

Iligharimu takriban dola 60,000 tu, na upigaji picha ulichukua miaka miwili kwa sababu ya uhaba wa fedha. Peter Greene anaigiza Peter Winter, mgonjwa wa skizofrenia, maradhi ya akili, aliyeruhusiwa kutoka hospitali, anayemtafuta binti yake. Anaamini amewekewa chombo cha kunasa mawimbi ya redio kichwani na cha kuyarusha kidoleni.

Sisi mafundi tuna mazoea. Sauti ya mawazo tunaitia mwangwi kidogo, mtazamaji ajue hii iko akilini na ile iko chumbani. Mwangwi huo unampa pa kusimama. Hapa pa kusimama hakuna. Mikwaruzo ya redio, vipande vya maneno makali, mvumo wa nyaya za umeme: vyote vinamjia kwa mkupuo. Na nyaya zenyewe zipo kweli, unaziona juu ya barabara, kwa hiyo sikio lako nalo linaanza kumwamini. Unatafuta mvumo unakotoka, kama anavyoutafuta yeye. Hofu ya filamu nzima imekaa hapo.

Wengi hukumbuka kisu na ukucha, pale Peter anapojing'oa ukucha wa kidole kile. Ni kweli, tukio lile hata mimi huinamisha macho. Ila kwa Peter ile ni tiba: anang'oa kitu kinachomtesa.

Linaloniuma zaidi ni jingine. Mapema kabisa msichana mdogo anakutana naye akiwa garini. Kamera haituonyeshi kinachofuata, tunasikia tu. Mpelelezi Jack McNally anamwandama kwa mauaji ya watoto, na filamu haithibitishi kamwe kwamba ni yeye. Nilipoitazama mara ya kwanza sikuwa na shaka hata chembe. Baadaye nilikaa usiku nikiirudia sehemu ile, nikitafuta ushahidi kwa masikio. Nilikuta kelele. Mauaji niliyaongeza mwenyewe, kwa kuwa filamu nyingi za kutisha zimenifundisha kwamba mwenye maradhi ya akili ndiye muuaji. McNally naye hakuwa na zaidi ya hicho alipompiga risasi ufukweni.