Papa hakojoi kwa ngozi, jamani

Jumamosi tulikuwa Feri, soko la samaki hapa Mtwara, na wanafunzi wa fildi, mama mmoja anakata papa, mwanafunzi wangu wa mwaka wa tatu, narudia wa TATU, akakunja pua akamwambia mwenzie kwa sauti kabisa "si unajua papa anakojoa kwa ngozi, ndo maana ananuka mkojo". Mama akaitikia, ndo hivyo mwanangu, tangu bibi zetu. Nafundisha fiziolojia ya wanyama wa baharini mwaka wa tisa sasa na hiyo kitu nimeisikia kwa wavuvi, kwa wapishi, mpaka kwenye karatasi za mtihani. Mama simlaumu, harufu anayoisema ipo kweli. Huyu wangu ndo kaniudhi.

Ukweli ni kinyume chake kabisa, papa ANAZUIA mkojo. Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwa lita. Samaki kama changu au kolekole damu yake haifiki hata nusu ya ukali huo, ni kama theluthi, kwa hiyo bahari inamnyonya maji usiku na mchana, yani anakaukia humo humo majini, inabidi anywe maji ya chumvi afu chumvi aitolee kwenye matamvua (mtafiti Homer Smith alishaonyesha hili mwaka 1930, na bado watu wananibishia kwamba samaki hanywi). Papa yeye kaona ya nini tabu yote hiyo. Ile urea ambayo mimi na wewe tunaikojoa yeye anaibakiza kwenye damu na kwenye nyama, zaidi ya mara 50 ya ile ya mtu mzima wa afya, mpaka ukali wa damu yake unalingana na bahari au kuizidi kidogo, basi maji yanamwingia yenyewe bila kunywa. Figo zake zinaichuja na kuirudisha ndani, matamvua hayaiachii, na ana kemikali nyingine, TMAO, inayozuia hiyo urea isimharibie protini. Chumvi ya ziada inatoka kwa katezi kadogo karibu na njia ya haja kubwa, kazi yake ilijulikana 1960 tu, watafiti Burger na Hess ndo walioifichua. Sasa mnyama aliyejipanga hivyo kuibana urea, aje aimwage kwa ngozi?

Harufu inakuja akishakufa. Bakteria wanaivunja urea inakuwa amonia, basi. Yule mama alikuwa na papa wa alfajiri kwenye deli la barafu na wa jana juu ya meza, nikawaambia wanafunzi wanuse kwanza huyu kisha yule. Wa kwenye deli hana kitu, wa mezani macho yanawasha. Mama akaniuliza "kumbe ni barafu, mwalimu?" Ni barafu, mama. Mwambieni mvuvi amtoe damu na matumbo kule kule chomboni, asingoje kufika pwani, na nyumbani mkamulie ndimu, asidi inaikamata amonia. Mimi hili nalisema kila mwaka mpaka watu wa Feri wananiita mzee wa barafu.

Na sio papa peke yake. Silikanti, yule samaki wa kale aliyenaswa Songo Mnara kule Kilwa mwaka 2003, naye anatunza urea wakati sio papa hata kidogo. Mwanafunzi akimtaja kwenye mtihani bila kuulizwa nampa maksi nikiwa natabasamu.

Kasa anayelia akitaga ati anawaonea huruma wanawe, hapana, hizo ni tezi za chumvi pembeni ya jicho, akiwa baharini pia zinatoa hayo machozi ila huyaoni.

Wazazi sasa, wananiambia "Mwanangu kakulia kwenye ngalawa, hiyo kozi ataimaliza amelala." Kukulia kwenye ngalawa kunasaidia, atajua pweza anajificha mwamba gani, lakini mtihani unamuuliza mkusanyiko wa ayoni pande mbili za utando na oksijeni inavyoshikwa na damu, hiyo ni kemia na fizikia tupu. Arudie moli na sheria za gesi za fomu faivu kabla hajaja, wanaonifelia wengi wanafelia hapo, sio kwenye samaki.

Mnaoniuliza kama supu ya pweza inaongeza nguvu za kiume siwajibu, kunyweni tu ni tamu.

Na nyangumi wanaopita huku kwetu msimu wa kusi, hawarushi maji waliyoyanywa. Ile mnayoiona ikiruka juu ya kichwa ni pumzi, hewa ya moto yenye mvuke na majimaji kidogo, maana ana mapafu kama wewe. Maji yake anayapata kwenye chakula, na akiwa hali basi kwenye mafuta yake mwenyewe yakiyeyushwa mwilini.