Mmea mmoja, miili miwili: mosi na livawoti za kuta zetu

Tafuta ukuta wa zamani wa mawe ya matumbawe hapa Mombasa, upande usiopigwa na jua la alasiri. Iwe kiangazi, siku ambayo hakujanyesha. Chini karibu na msingi, au pale maji ya paa yanapochirizika, utaona kitu kikavu cha kahawia, mfano wa ugoro uliomwagika. Weka lenzi ya mkono inayokuza mara 10 karibu kabisa na jicho, usogee mpaka ukione vizuri, kisha kidondoshee tone moja la maji. Vijani vilivyojisokota vitajikunjua mbele ya macho yako kwa sekunde chache tu, na kahawia itageuka kijani.

Hiyo ndiyo mosi. Wengi huku Pwani huita kila kijani cha ukutani ukungu au ukoga. Kamusi nazo zina neno kuvumwani, ambalo kwa maoni yangu libakie kwa ule muungano wa kuvu na mwani unaoganda kwenye magome ya miti kama madoa ya kijivu. Mosi si ukungu wala si mwani. Ni mmea kamili, una klorofili, una majani, una kiinitete kinacholelewa na mama yake. Ile “simosi” inayouzwa kwenye chupa kuwa ni dawa ya nguvu ni mwani mwekundu wa baharini, haimo katika habari hii.

Livawoti ni ndugu wa mosi. Mosi zinazojulikana duniani ni kama spishi 12,000, livawoti kama 7,000, na lipo kundi la tatu dogo la mimea yenye vijipembe, kama spishi 200, ambalo leo naliacha.

Ukitaka kuzielewa, shika kwanza jambo hili: kila moja ina miili miwili, mmoja umeumbwa kwa ajili ya maji na mwingine kwa ajili ya upepo. Mjerumani Wilhelm Hofmeister aliueleza mpango huu mwaka 1851, na mpaka leo wanafunzi huukariri kwa majina tu, gametofaiti na sporofaiti, bila kuuona. Ukishauona ukutani, majina hayasumbui tena.

Tuanze na mwili wa maji, gametofaiti. Ule ujani wote unaoukanyaga au kuukwangua ndio huo. Seli zake zina seti moja tu ya kromosomu, zile nyuzi zinazobeba urithi, ilhali mwembe au mnazi unaouona uani una seti mbili. Jani la mosi kwa kawaida lina unene wa seli moja, isipokuwa ule mshipa wa katikati. Halina nta ya maana juu yake, wala mmea hauna mizizi ya kunyonya. Maji huingia popote yanapogusa na hutoka vivyo hivyo. Ndiyo maana mosi hukauka haraka na kufufuka haraka, na ndiyo maana pia chumvi, sabuni na klorini huidhuru upesi: hakuna mlango wa kufunga. Hyophila involuta, mojawapo ya mosi zinazopenda kuta za chokaa na saruji katika nchi za joto, imebeba tabia hii mpaka kwenye jina lake, maana neno la pili ni la Kilatini na linasema “iliyojikunja kwa ndani”.

Chini kuna raizoidi, nyuzi za kushikilia. Ukitaka kutofautisha makundi haya mawili kwa hadubini, anza hapo: raizoidi ya mosi ina seli nyingi na kuta zake za ndani zimekaa mshazari, ya livawoti ni seli moja ndefu kama mrija.

Hapa nina neno kwa wenye nyumba za Mji wa Kale. Raizoidi hazina nguvu ya kupasua jiwe. Mche unaopasua ukuta ni ule wa jamii ya mkuyu ulioota kwenye ufa baada ya ndege kuacha mbegu. Huo ung’oe ungali mdogo. Mosi inakuonyesha tu kwamba maji yanapita pale: bomba la kiyoyozi linadondoka, tangi la juu linafurika, au mfereji wa paa umeziba. Ukilikwangua jiwe la matumbawe kwa brashi ya waya, unaondoa lipu laini ya chokaa na kuacha vitundu vipya vya kushika maji, na mosi itarudi masika ijayo ikiwa nene zaidi. Ziba maji kwanza.

Turudi kwenye uzazi. Juu ya mwili huu wa kijani huota viungo vya aina mbili. Cha kiume, antheridio, ni kifuko kama kijirungu kilichojaa mbegu za kiume. Cha kike, arkegonio, ni mfano wa chupa yenye shingo ndefu, na yai limekaa chini kabisa. Kikiloa, seli za katikati ya shingo huyeyuka na njia hufunguka. Mbegu ya kiume ina mikia miwili na lazima iogelee. Ikikosa utando wa maji, haiendi popote. Tone la mvua likipiga, hurusha mbegu sentimita chache, na kazi iliyobaki ni ya kuogelea. Wapo pia wasaidizi: majaribio yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba vidudu vidogo vya udongoni hubeba mbegu za Bryum argenteum kutoka kichaka kimoja hadi kingine. Hiyo ni ile mosi yenye rangi ya fedha inayokaa kwenye nyufa za saruji mijini. Rangi yenyewe inatokana na seli za ncha za majani kutokuwa na klorofili.

Bryum argenteum ina mimea dume na mimea jike mbali mbali. Basi unaweza kuona kibaraza kizima kimejaa kijani mwaka baada ya mwaka bila kikonyo hata kimoja, yaani kile kijiti kinachoota baada ya yai kurutubishwa. Usidhani inaumwa. Huenda ni jinsia moja tu iliyofika pale. Funaria hygrometrica, inayopenda ardhi iliyochomwa moto, hubeba viungo vyote viwili kwenye mmea mmoja, kwa hiyo vikonyo vyake ni vingi.

Yai likirutubishwa, mwili wa pili huanza: sporofaiti, yenye seti mbili za kromosomu. Hautoki kwenda kuishi peke yake. Hubaki umepandwa juu ya mama, mguu wake umezama ndani ya tishu zake na kunyonya maji na chakula. Katika mosi, kikonyo hurefuka kwanza kikiwa kigumu, na mara nyingi chekundu au kahawia, ndipo kapsuli, kifuko cha spora (chembe za uzazi zinazopeperushwa na upepo), huvimba nchani. Kile kikofia chembamba juu ya kapsuli changa ni mabaki ya ile chupa ya arkegonio iliyochanika. Ni mali ya mama, si ya mtoto. Kikidondoka, utaona kifuniko. Kifuniko kikidondoka, utaona meno.

Hayo meno ndiyo sehemu ninayompendekezea kila mwalimu wa baiolojia awaonyeshe wanafunzi kabla ya mchoro wowote. Chukua kapsuli ya Bryum au Funaria iliyokauka na kupoteza kifuniko, iweke chini ya lenzi, kisha ipumulie taratibu. Meno 16 ya duara la nje yatajikunja kuelekea ndani kwa unyevu wa pumzi yako, na ukiacha kupumua yatafunguka tena. Funaria ina maduara mawili, 16 nje na 16 ndani. Spora hutolewa kidogo kidogo hewa ikiwa kavu, kwa sababu spora iliyoloa hushikamana na wenzake na haiendi mbali. Si mosi zote zilizo nayo: Hyophila haina meno, kwa hiyo usipoteze saa nzima kuyatafuta.

Kwa livawoti mambo hugeuka. Zipo za aina mbili kwa umbo. Za kwanza ni bapa, hazina shina wala jani, zimelala chini kama utepe unaogawanyika mbili mbili. Huku chini Pwani, aina ya kutafuta ni Riccia: duara dogo kama ua lililobanwa, kwenye udongo wenye unyevu, kando ya mitaro, hata ndani ya vyungu vya maua. Marchantia, ile ya vitabuni yenye miavuli, hupenda ubaridi na maji yasiyokatika. Aina ya pili ni livawoti za majani, na ndizo nyingi zaidi kwa idadi ya spishi. Hizi huchanganywa na mosi kila siku. Angalia mpangilio: majani ya mosi kwa kawaida huzunguka shina na mengi yana mshipa wa kati, ya livawoti yamepangwa safu mbili ubavuni, mara nyingi na safu ya tatu ya vijani vidogo upande wa chini, hayana mshipa, na aghalabu yamegawanyika. Seli zake nyingi zina vifuko vya mafuta. Vitazame siku hiyo hiyo uliyookota, maana kwa spishi nyingi hupotea sampuli ikikauka.

Sporofaiti ya livawoti hungoja. Kapsuli hukomaa kabisa ikiwa bado imefichwa, kisha kikonyo hurefuka ghafla, kwa muda wa saa kadhaa hadi siku chache, kwa seli kutanuka tu. Ni cheupe, laini, kama chipukizi la choroko, na hunyauka upesi. Kapsuli haina meno wala kifuniko. Kwa kawaida hupasuka vipande vinne. Ndani, pamoja na spora, mna elateri, nyuzi zenye springi ya kujiviringa. Zikikauka hujisokota na kuzirusha spora. Riccia ndiyo iliyorahisisha yote: haina kikonyo, haina mguu, haina elateri. Kapsuli hukaa ndani ya mwili wa mama, na spora hutoka mama akioza.

Kuna pia njia isiyohitaji ndoa. Marchantia huwa na vikombe mgongoni vyenye vichipukizi bapa, na tone la mvua likitua ndani huvirusha nje. Calymperes, mosi za vigogo vya miti katika nchi za joto, huotesha vichipukizi kwenye ncha za majani. Tazama kwa lenzi kama jani linaishia kwenye kijifundo cha kijani.

Sasa spora. Ya mosi haioti moja kwa moja kuwa mmea wenye majani. Kwanza hutoa protonema, nyuzi za kijani zinazotambaa. Unaweza kuiona nyumbani. Chemsha kigae cha chungu kisichopakwa rangi kwa dakika 20. Kiweke kwenye kontena safi la plastiki lenye kifuniko kinachopitisha mwanga, na maji ya mvua kina cha milimita 5, ili kigae kinyonye kutoka chini. Chagua kapsuli iliyokomaa ambayo bado ina kifuniko chake. Itumbukize dakika moja kwenye dawa ya klorini ya kufulia, sehemu moja kwa maji sehemu tisa, kisha isuuze mara tatu kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa. Ipasue kwa ncha ya sindano juu ya kigae, tandaza spora kwa tone la maji, funika. Kapsuli moja yatosha vigae vitatu; spora zikirundikana, zitasongana.

Makosa ni yale yale. Maji ya kisima cha chumvi huacha ukoko mweupe na kuua kila kitu; ya bomba yaache wazi usiku mzima kwanza. Jua la moja kwa moja kwenye kontena lililofungwa huzipika spora kabla ya saa sita mchana, kwa hiyo liweke kwenye sakafu yenye ubaridi karibu na dirisha lenye mwanga tu. Usitie mbolea, utalisha mwani. Ukiona manyoya meupe, ni ukungu uliotokana na vipande vya kapsuli ulivyoviacha. Viondoe kwa kibano na ufungue kifuniko saa moja. Na kama hewa ya chumba chako huzidi nyuzi 30 mchana, subiri miezi ya kusi, Juni hadi Agosti.

Baada ya wiki moja hadi mbili kigae hupata utando wa kijani. Kabla ya kufurahi, chukua kidogo ukitazame kwa hadubini mara 100. Utando wa mwani huwa na utelezi. Protonema ni nyuzi zenye matawi, na zile zilizokomaa zina kuta za mshazari kati ya seli na seli, kama za raizoidi. Ziache. Wiki kadhaa baadaye, ubavuni mwa nyuzi hizo, vifundo vidogo vya seli chache vitaanza kuvimba; ndipo ufungue kifuniko dakika 10 kila siku, ukiongeza muda polepole, maana kutoka kila kifundo panaota shina lenye majani.