Motisha ya kodi kwa kusomesha wafanyakazi na kufanya utafiti ni kitu gani hasa?

Kwa kifupi ni pale serikali inapokubali kampuni ilipe kodi pungufu kwa sababu imetumia hela kwenye kitu ambacho nchi inakihitaji, mfano kusomesha wafanyakazi wake au kufanya utafiti. Kwa kawaida hakuna hela inayotoka hazina kwenda kwa kampuni, serikali inaacha tu kudai sehemu ya chake, lakini ukipiga hesabu ni gharama ile ile.

Sasa hapa ndo wengi wanachanganya. Kuna kupunguza faida inayotozwa kodi na kuna kupunguza kodi yenyewe, vitu viwili tofauti kabisa. Tuseme kodi ni asilimia 30 na kampuni imetumia milioni 10 kwenye utafiti, ikiruhusiwa kuitoa yote kwenye faida basi imeokoa milioni 3. Lakini unafuu wa asilimia 10 ya hayo matumizi kwenye kodi yenyewe maana yake milioni 1 inafutwa moja kwa moja kwenye kodi iliyotakiwa kulipwa, na mara nyingi hiyo inakuja juu ya ile ya kwanza, ingawa kuna nchi zinapunguza kidogo ili usifaidi mara mbili.

Kwa nini serikali ikubali? Kwa sababu kampuni ikimsomesha fundi, kesho anaweza kuhamia kwa mshindani na ujuzi wote kichwani, yaani agharamie mmoja afaidi mwingine. Utafiti nao hivyo hivyo, hata ukiwa na hataza (haki ya kisheria ya kuzuia wengine wasitumie uvumbuzi wako) wenzako watajifunza kitu kwako. Matokeo yake kila mtu anabana mkono.

Marekani walianza unafuu wa utafiti 1981 kama wa muda, ukawa unaongezewa muda kila mara mpaka 2015 ndo ukawa wa kudumu, na unahesabiwa kwa matumizi yaliyozidi kiwango fulani cha msingi, ili usizawadiwe kwa kitu ambacho ungefanya tu. Kwenye masomo, mwajiri anaweza kumlipia mfanyakazi hadi dola 5,250 kwa mwaka bila mfanyakazi kukatwa kodi, kiwango kilichowekwa 1986 kikakaa hivyo hivyo miaka na miaka huku ada za vyuo zinapanda, na hapo kwa kweli naona mfanyakazi kasahaulika.

Kingine, kampuni changa isiyo na faida haina kodi ya kupunguziwa, ndo maana Uingereza na Australia zina utaratibu wa kuzilipa baadhi ya hizo kampuni taslimu.