Virusi na Ugonjwa wa Kusahau: Yasemwayo Sokoni na Yanayojulikana

Katika soko la Kibuye, Kisumu, kuna mama muuza omena ambaye kwa miaka mingi hakuhitaji karatasi wala kikokotoo. Alijaza gorogoro, akaisawazisha juu kwa kiganja, akataja bei na kurudisha chenji papo hapo. Mwaka jana alianza kupima gorogoro ileile mara mbili na kumwuliza mteja kama ameshalipa. Wenzake walikuwa na maelezo matatu tayari: uzee, mkono wa mtu na, kwa kuwa aliwahi kuugua mkanda wa jeshi (upele wa malengelenge wenye maumivu makali), "virusi vimempanda kichwani". Hilo la tatu ndilo gumu kulijibu, kwa sababu lina chembe ya ukweli.

Dhana: Aliyeugua mkanda wa jeshi lazima atapata dimensia, yaani ugonjwa wa kusahau.

Ukweli: Mkanda wa jeshi huletwa na virusi vya tetekuwanga, ambavyo mtu akishapona utotoni hubaki vimejificha kwenye mishipa ya fahamu hadi kinga ya mwili ilegee. Ushahidi mzito wa kuvihusisha na dimensia umetoka Wales, ambako chanjo ya mkanda wa jeshi ilianza kutolewa kwa wazee tarehe 1 Septemba 2013. Waliozaliwa kuanzia tarehe 2 Septemba 1933 walistahili kuipata kwa zamu, na waliozaliwa hata wiki moja tu kabla ya hapo hawakustahili kabisa, kwa hiyo watafiti waliweza kulinganisha watu waliofanana karibu kwa kila jambo isipokuwa chanjo. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2025, uliohusu wazee zaidi ya 280,000, ulionyesha kwamba katika miaka 7 chanjo ilipunguza uwezekano wa kugunduliwa na dimensia kwa takriban asilimia 20, hasa kwa wanawake. Hata hivyo, wapo waliochanjwa wakaugua, na wengi ambao hawakuchanjwa hawakuugua. Haijabainika pia kama manufaa hayo yalitokana na kuvizuia virusi vyenyewe au na kuichangamsha kinga ya mwili kwa jumla.

Dhana: Basi dawa ya virusi itairudisha akili.

Ukweli: Hilo limejaribiwa, ingawa kwa virusi vingine. Nchini Marekani, wagonjwa 120 wenye dalili za mapema za Alzheimer (aina ya dimensia), ambao pia walikuwa na virusi vya hepesi (vile vinavyoleta vidonda vya mdomoni), waligawanywa, wengine wakapewa valasiklovia, dawa ya hepesi, na wengine vidonge visivyo na dawa. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2025 hayakuonyesha nafuu yoyote kwa waliotumia dawa. Tukumbuke pia kwamba, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, karibu thuluthi mbili ya watu walio chini ya miaka 50 wana hepesi ya aina ya kwanza, na wengi wao hawatapata dimensia.

Dhana: ARV, dawa za virusi vya ukimwi, ndizo zinazoleta usahaulifu.

Ukweli: Katika kaunti zinazolizunguka ziwa, ambako wengi sasa wanazeeka wakiwa na virusi vya ukimwi, neno hili lina madhara kuliko mengine yote. Ni kweli kwamba efavirenzi, dawa ya zamani, iliwapa baadhi ya watu kizunguzungu na ndoto za kutisha, lakini hiyo haikuwa dimensia. Virusi vya ukimwi visipotibiwa ndivyo vinavyoweza kuudhuru ubongo, na hali hiyo katika kiwango chake kikali imepungua sana tangu ARV zianze kutumika. Anayeziacha ili aokoe kumbukumbu anavifungulia virusi mlango.

Dhana: Mzee akianza ghafla kusema ovyo, ni dimensia imeingia, hakuna la kufanya.

Ukweli: Dimensia aghalabu huja polepole, kwa miezi na miaka. Mzee aliyekuwa timamu Jumapili, na Jumatano hamtambui mwanawe, huenda ana malaria (ambayo si virusi), nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo, upungufu wa maji mwilini au sukari iliyoshuka. Huo ni mkanganyiko wa ghafla. Ni dharura ya kupelekwa hospitalini siku hiyohiyo, na chanzo chake kikitibiwa mapema wengi hurudiwa na fahamu zao. Nimeona familia ikimweka mzee chumbani siku nne, ikimwombea na kumnong'onea, huku homa ikimla.

Kuhusu mkono wa mtu, yaani kurogwa, sina mengi ya kusema, ila kwamba kule Kisii wapo wazee waliochomwa moto kwa tuhuma za uchawi, na mwenendo wa mtu aliyepotewa na kumbukumbu ni rahisi sana kugeuzwa ushahidi.

Mama wa Kibuye hatimaye alipelekwa kupimwa, na daktari alichokishughulikia kwanza ni presha, iliyokuwa juu mno na haijawahi kutibiwa. Orodha ya visababishi 14 vya dimensia vinavyoweza kuepukwa, iliyotolewa mwaka 2024 na jopo la jarida la tiba la Lancet, ina presha, kisukari, sigara na kutosikia vizuri, lakini haina kirusi hata kimoja. Anameza dawa zake kila asubuhi. Omena bado anapima mwenyewe, ila binti yake ndiye anayeshika pesa.