Rangi juu ya kutu haimalizi kutu

Wengi huamini geti likishika kutu, koti mbili za rangi ya mafuta zinatosha. Imani hiyo inaeleweka, maana geti hung'aa mara moja. Lakini kutu ina vitundu vinavyoshika unyevu, na huku pwani huongezeka chumvi. Chini ya rangi chuma kinaendelea kulika mpaka rangi ivimbe malengelenge. Ndiyo maana viwandani wahandisi husafisha chuma kwanza kwa mchanga unaopulizwa kwa nguvu, ndipo wapake praima, yaani rangi ya kwanza ya kukinga chuma, mara nyingi ya zinki, ambayo hulika badala ya chuma. Kwa maoni yangu, maandalizi ndiyo kazi yenyewe. Hakikisha mwenyewe: kwangua lengelenge moja kwa kisu. Ukikuta unga wa kahawia, anza na brashi ya waya, msasa na maji yasiyo na chumvi. Chuma kikauke ndipo upake.