Kugawanya namba za biti 64 katika kerneli ya Linux kwa prosesa za biti 32

Dereva (sehemu ya kerneli, yaani kiini cha mfumo, inayoendesha kifaa) inajengeka bila shida kwa x86_64 ya biti 64, lakini ukiijenga kwa ARM ya biti 32 unaambiwa `__aeabi_uldivmod` haipo. Kwa i386 (x86 ya biti 32) jina hilo huwa `__udivdi3`, au `__umoddi3` ukiwa umetumia `%`. Tafuta mahali ulipoandika `/` (kugawanya) au `%` (baki) kwenye `u64`, yaani namba ya biti 64 isiyo na alama ya hasi.

Prosesa hizi hazina amri moja ya kugawanya `u64` kwa `u64`. Cortex-A9, mojawapo ya prosesa za ARM, haina hata ya biti 32. Kompaila ya GCC basi huita fanksheni ya libgcc (maktaba saidizi ya GCC), ambayo kerneli haiunganishwi nayo huko. Usiinakili fanksheni hiyo kwenye dereva yako ili kunyamazisha kosa. Kugawanya huku ni ghali, na ni vizuri kuonekane.

Kigawanyo kisichobadilika ambacho ni kipeo cha 2 (2, 4, 8, 16 na kuendelea), kama 4096, hakina tatizo: kwa `u64` kompaila husogeza biti tu. Kwa vingine, ingiza `<linux/math64.h>`. `div_u64(a, b)` inataka `b` ya biti 32, `div64_u64` inapokea `b` ya biti 64, na `div_s64` ni ya namba zenye alama, yaani zinazoweza kuwa hasi.

Hapo kwenye `b` ndipo watu wanapoumia. Muda wa sekunde 5 kwa nanosekunde ni 5000000000, ambao hauenei katika biti 32. Ukiupitisha kwa `div_u64`, biti za juu hukatwa kimyakimya na unagawanya kwa 705032704. Kigawanyo kikiwa 4294967296 kamili, kinabaki sifuri. Kosa hili ni baya kuliko la kwanza, kwa sababu kila kitu kinajengeka. Kwa hiyo angalia kwanza aina ya kigawanyo, kisha ndipo uchague fanksheni.

`do_div(n, 1000)` mimi ningeiacha kwa msimbo wa zamani. Hurudisha baki, na jibu huwekwa ndani ya `n` yenyewe; ukiandika `n = do_div(n, 1000)` umepoteza jibu. Tena `n` lazima iwe `u64`: namba hasi huchukuliwa kuwa kubwa mno. Ukihitaji jibu pamoja na baki, `div_u64_rem` inasomeka wazi zaidi.

Kuna pia kitanzi cha kutoa tena na tena, `while (ns >= NSEC_PER_SEC)`. (`NSEC_PER_SEC` ni idadi ya nanosekunde katika sekunde moja.) Kompaila inaweza kukitambua na kukigeuza kuwa kugawanya, na `__udivdi3` ikarudi ingawa hukuandika `/` popote. Kama unajua kitanzi kitazunguka mara chache tu, tumia `__iter_div_u64_rem`, ambayo ndani yake ina `asm` tupu (amri ya asembli isiyo na kitu) ya kuizuia kompaila isifanye hivyo.